Kutoka Baridi ya Timau Hadi Jua la Samburu: Jitayarishe Kabla ya Kutembea Mlimani

MTU anayesimama Timau alfajiri, amejifunika koti zito na kofia ya sufu, huona kwa mbali upande wa kaskazini nchi kavu ya Isiolo na Samburu. Milima ya mawe imesimama huko kama ngome, na katikati yake mna makorongo na mito ya mchanga. Siku hizi vikundi vya vijana, wanafunzi, waumini wa makanisa na wafanyakazi wa ofisini hutoka Meru, Nanyuki na hata Nairobi kwenda kutembea huko kwa siku moja. Wengi huutamani mlima wa Ololokwe, wenye kilele bapa na urefu unaokaribia mita 2,000, ambao husimama kando ya barabara ya Marsabit baada ya kupita Archer's Post.

Matembezi ya aina hiyo ni mazuri kwa moyo, mapafu na akili. Hata hivyo, mpenzi msomaji, yapo mambo ambayo yafaa uyajue kabla ya kufunga kamba za viatu. Katika nchi kavu mtu anaweza kuondoka mzima saa kumi na mbili asubuhi na kufikia saa nane mchana akawa hajitambui. Aghalabu kosa huwa limefanyika siku nyingi kabla ya safari, wakati wa matayarisho.

MWILI HAUJUI KWAMBA UMEHAMA

Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Archer's Post iko chini ya mita 1,000. Kwa kawaida hali ya hewa huongezeka joto kwa digrii 6 hivi kila unaposhuka mita 1,000. Kwa hiyo, katika safari ya gari ya saa chache tu, unautoa mwili wako kwenye baridi na kuutia kwenye joto ambalo haukulizoea.

Mwili hujipoza kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupeleka damu nyingi karibu na ngozi ili joto litoke. Ya pili ni kutoa jasho, ambalo likikauka huondoka na joto. Mtu aliyezoea nchi ya joto huanza kutoa jasho mapema, hutoa jasho jingi zaidi, na jasho lake huwa na chumvi kidogo. Mkazi wa nyanda za baridi hana mazoea hayo. Moyo wake hulazimika kupiga mbio ili kupeleka damu kwenye ngozi na wakati huohuo kuilisha misuli inayopanda mlima.

Mazoea ya joto hupatikana kwa muda wa siku 7 hadi 14 za kufanya kazi au mazoezi kwenye joto, saa moja hivi kila siku. Yakiachwa, hupotea baada ya wiki chache. Ndiyo sababu mtu aliyezaliwa Isiolo na kuhamia Timau miaka mingi iliyopita hapaswi kujidanganya kwamba bado ni mwenyeji wa jua.

Jambo jingine la hatari ni ukavu wa hewa. Katika nchi kavu jasho hukauka mara tu linapotoka. Nguo haziloi, nawe hudhani hutoki jasho, kumbe maji yanakuondoka saa baada ya saa.

WIKI SITA ZA MAZOEZI

Usiamke Jumamosi moja ukaenda kupanda mlima ilhali mwaka mzima umekuwa ukikaa kwenye kiti. Anza wiki sita kabla. Katika wiki mbili za kwanza tembea dakika 40 hadi saa moja, siku nne kwa wiki, kwa mwendo wa haraka unaokuwezesha bado kuzungumza. Wiki ya tatu na ya nne tafuta miinuko. Wakazi wa Timau hawana shida, kwani miteremko ya Mlima Kenya iko mlangoni mwao. Anayekaa Nairobi anaweza kupanda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa.

Wiki ya tano beba mkoba wenye uzito uleule utakaoubeba siku yenyewe, na utembee saa nne au tano mfululizo. Kumbuka kuzoea kushuka pia. Wengi hufikiri kupanda ndiko kugumu, lakini kushuka ndiko kunakoumiza misuli ya mapaja na magoti, na watu wengi huteguka wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka. Wiki ya sita punguza mazoezi ili mwili upumzike.

Ukiweza, fika nchi ya joto siku moja au mbili kabla na utembee kidogo tu asubuhi na jioni. Siku hizo hazitoshi kukupa mazoea kamili, ila zitakufundisha kunywa maji kabla ya kuhisi kiu.

HESABU YA SAA NA MAJI

Wapanda milima wana kanuni ya zamani: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme safari yako ni kilomita 12 kwenda na kurudi, na utapanda mita 900. Kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24. Mita 900 ni saa 1 na dakika 30. Jumla ni karibu saa 4. Kwa kikundi cha watu wasiozoea, na kwa jua kali, ongeza nusu yake. Hiyo ni saa 6 za kutembea, bila kuhesabu mapumziko.

Sasa maji. Mtu mzima anayetembea kwenye joto huhitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa. Tukichukua wastani wa robo tatu ya lita, saa 6 zitahitaji lita 4 na nusu. Ongeza lita moja ya akiba. Hizo ni lita 5 na nusu, nazo zina uzito wa kilo 5 na nusu mgongoni mwako. Wengi hutishwa na uzito huo wakabeba chupa moja ya nusu lita. Heri uache kamera na redio nyumbani kuliko kuacha maji. Usitegemee kupata maji njiani. Mto unaouona kwenye ramani huenda ukawa mchanga mtupu, na kidimbwi utakachokikuta huenda kinanywewa na ngamia, ng'ombe na ndovu. Maji kama hayo hayafai kunywewa kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa.

Kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Kiu huchelewa kukuarifu, hasa asubuhi kungali na ubaridi. Angalia pia mkojo wako: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, uko salama, ukiwa wa rangi ya chai, umekwisha kuchelewa.

Na hapa pana onyo ambalo wachache hulijua. Maji matupu yakizidi nayo ni hatari. Unapotokwa na jasho unapoteza chumvi. Ukijaza tumbo maji matupu, lita baada ya lita, chumvi iliyobaki katika damu huchujuka mno. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, kuchanganyikiwa na hata kifafa. Kwa hivyo usipitishe lita moja kwa saa kwa muda mrefu, na kula vitu vyenye chumvi unapotembea. Beba pia pakiti chache za chumvi na sukari za kutibu kuhara, zile zinazotolewa katika zahanati. Usipozipata, changanya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa uangalifu, kwani chumvi ikizidi hudhuru.

CHAKULA, NGUO NA VIATU

Usiku wa kuamkia safari kula chakula cha kutosha chenye wanga: githeri, wali, ugali, au viazi ambavyo Timau haikosi. Asubuhi kunywa uji na ule kitu. Njiani beba vyakula visivyoharibika upesi kwa joto: karanga zenye chumvi, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, chapati, mayai yaliyochemshwa vizuri na kuliwa mapema. Nyama ya jana na maziwa yaache nyumbani.

Kuna desturi ya kuchukua miraa safarini ili mtu asisikie uchovu. Hapo pana mtego. Miraa huufanya moyo upige mbio, hupandisha presha na joto la mwili, na huondoa njaa. Uchovu ni kengele ambayo mwili hukupigia ili upumzike, na miraa huinyamazisha kengele hiyo. Anayetafuna akipanda mlima juani anaweza kuzidiwa kabla ya kujua kwamba amechoka. Pombe nayo, hata ya usiku uliotangulia, hukuongezea mkojo na kukuanzishia safari ukiwa na upungufu wa maji.

Vaa shati lenye mikono mirefu, la pamba na rangi isiyokoza, lisilobana. Watazame wachungaji wa nchi kavu: hujitanda shuka, hawatembei vifua wazi mchana. Kofia iwe na ukingo mpana wa kufunika shingo na masikio. Usidhani ngozi nyeusi haiungui. Huungua, ijapokuwa huchelewa, na macho huumia kwa mwanga unaorudishwa na mawe. Mwenye ulemavu wa ngozi ajihadhari maradufu. Weka pia sweta ndani ya mkoba, kwa kuwa jua likitua baridi huingia upesi, hasa kwa mtu aliyelowa jasho.

Viatu vipya ni adui. Vivae wiki tatu nzima kabla ya safari. Viwe na soli nene ya kuzuia miiba ya migunga, na nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa maana miguu huvimba kwenye joto. Kata kucha, beba soksi za pili, na mara tu unapohisi mahali panapochoma simama upabandike plasta. Lengelenge likisubiriwa hadi kituoni hugeuka kidonda.

NANI ASIENDE BILA KUMWONA DAKTARI

Mwenye presha anayetumia dawa za kuongeza mkojo, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo, figo, kifafa au pumu, na mama mjamzito, wote yawapasa kuzungumza na daktari kabla. Asiache mtu dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Mwenye kisukari akumbuke kwamba matembezi marefu hushusha sukari. Abebe glukosi au peremende mfukoni, na insulini yake aifunge mbali na joto. Wazee na watoto wadogo huzidiwa na joto upesi kuliko wengine.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisimezwe ovyo safarini. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizo zinaweza kudhuru figo. Na mtu aliyekuwa na homa au kuhara wiki hiyo aahirishe safari. Mlima utamngoja.

DALILI ZA KUZIDIWA NA JOTO

Hatua ya kwanza ni kuchoshwa na joto. Mgonjwa hutokwa na jasho jingi, huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, na misuli hukakamaa. Bado anajitambua. Mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu yake, mlegeze nguo, mnyweshe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Akipata nafuu, safari yake ya siku hiyo imekwisha. Asiendelee kupanda.

Hatua ya pili ni kupigwa na joto, na hii huua. Joto la mwili hufika digrii 40 au kupita. Dalili kubwa ni akili kuvurugika: mtu huongea ovyo, huwa mkali bila sababu, hupepesuka kama mlevi, au huzimia. Wengi hungoja waone ngozi kavu ndipo waamini. Usingoje. Mtu anayetembea sana anaweza kupigwa na joto huku bado anatoka jasho.

Hapo kila dakika ina thamani. Mtoe juani, mvue nguo za nje, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa nguvu kwa kofia au shuka. Weka vitambaa vilivyoloweshwa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Tumieni hata maji ya kunywa ya kikundi. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, mlazeni ubavu. Parasetamoli haisaidii, kwani hii si homa ya maambukizi. Anzeni kumpoza kwanza, ndipo mpange kumpeleka hospitali, na mzidi kumpoza njiani.

MVUA YA MBALI, MAJI YA HAPA

Makorongo yana hatari nyingine ambayo haitokani na jua. Tarehe 22 Aprili 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walifariki katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, waliposombwa na maji ya ghafla. Septemba 2019 maafa yakarudi katika korongo hilohilo na watu wasiopungua 6 wakapoteza maisha. Machi 2010 mto Ewaso Ng'iro ulifurika na kubomoa kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu.

Mkazi wa Timau anaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine. Maji ya miteremko ya Mlima Kenya huteremkia kaskazini, kwenye nchi kavu. Mvua inaweza kunyesha milimani huku, na saa chache baadaye mto uliokuwa mchanga mtupu ukajaa, wakati mbingu juu ya kichwa cha mtembeaji ni buluu. Ardhi ya mawe na iliyokaushwa na jua hainywi maji upesi, kwa hivyo yote hukimbilia korongoni.

Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba usiingie makorongo bila kuuliza habari za mvua ya milimani. Usipumzike wala kulala ndani ya mkondo wa mto mkavu, hata mchanga wake ukiwa laini namna gani. Ukiona maji yanabadilika rangi, yanaleta vijiti na majani, au ukisikia ngurumo kama ya lori, panda ubavuni mara moja. Usikimbie kufuata mkondo, kwani maji yatakushinda. Na usivuke maji yanayokwenda kasi. Yakifika magotini tu yanatosha kumwangusha mtu mzima.

NYOKA, MBU NA WADUDU WENGINE

Usitie mkono mahali usipopaona, wala kukalia jiwe kabla ya kulikagua. Aliyeumwa na nyoka atulizwe asitembee, mguu ufungwe gango usichezecheze, avuliwe pete na viatu, na apelekwe haraka kwenye hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Isiolo. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, wala msibandike jiwe jeusi. Hayo hupoteza muda na kuongeza madhara.

Timau ni baridi, na wakazi wake hawana kinga dhidi ya malaria. Ukirudi kutoka Isiolo au Samburu na kupata homa baada ya wiki moja hadi wiki kadhaa, mweleze daktari ulikokuwa na upimwe damu. Huko pia kuna kalazaa, ugonjwa unaoenezwa na visubi wa mchanga ambao hupenda vichuguu. Jioni usiketi karibu na kichuguu, na uvae suruali ndefu. Homa isiyokwisha kwa wiki mbili, pamoja na kukonda na tumbo kuvimba upande wa kushoto, si jambo la kununulia vidonge dukani.

SIKU YENYEWE

Anzeni kutembea kukipambazuka, saa kumi na mbili. Kati ya saa sita na saa tisa mchana tafuteni kivuli mpumzike. Chukueni kiongozi mwenyeji, ambaye anajua maji, njia na wanyama, na ambaye ataheshimu miiko ya mahali, kwa kuwa Wasamburu huutukuza mlima wa Ololokwe. Ulizeni polisi au chifu kuhusu usalama. Mwachieni mtu wa nyumbani njia mtakayofuata na saa ya kurudi, na awe na namba za dharura 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu, kwani milimani simu hukosa mawimbi.

Mwendo wa kikundi uwe wa yule aliye mzito kuliko wote, naye asiachwe nyuma peke yake. Tembeeni wawiliwawili, kila mmoja akimchunguza mwenzake, maana aliyezidiwa na joto ndiye wa mwisho kujijua. Na wekeni sharti moja kabla ya kuondoka: maji yakifika nusu, mnageuka, hata kama kilele kimebaki hatua mia mbili. Maji ya nusu ya pili ni ya kukurudisha nyumbani.